Taji la Hispania lilivyofika kwa Wafaransa
Ndugu uliyeuliza ilikuwaje mjukuu wa mfalme wa Ufaransa akarithi Hispania, chanzo ni ndoa za ndani ya ukoo wenyewe wa kifalme. Mariana wa Austria alichumbiwa na Baltasar Carlos, mwana wa Felipe IV, mfalme wa Hispania, lakini kijana huyo alipofariki mwaka 1646, baba mtu, ambaye ni mjomba wa damu wa binti huyo, akamwoa yeye mwaka 1649. Mwana wao, Carlos II, aliyekuwa mgonjwa tangu utotoni, alioa mara mbili asipate mtoto, na wosia wake wa mwaka 1700 ukampa taji Philippe wa Anjou, mjukuu wa dada yake wa kwa baba, María Teresa, mke wa Louis XIV, mfalme wa Ufaransa. María Teresa alikwisha kuukana urithi huo. Ila mahari, ambayo huko enzi hizo ilitolewa na upande wa mke, haikulipwa yote, na Wafaransa wakashikilia kwamba kwa sababu hiyo kuukana kwake urithi hakukuwa na nguvu.