Wasomaji Wauliza: Samadi ya Farasi Yawaje Sanaa?

SWALI: Ndugu Mhariri, assalamu alaykum. Binti yangu wa kidato cha pili alinionyesha kwenye simu kazi za msanii wa Mongolia ambaye hupaka turubai samadi ya farasi badala ya rangi, kisha huzunguka na kibanda chake na kuketi ndani yake mbele za watu. Mimi nimesuka ukili na kushona mikeka miaka 30, na hakuna aliyewahi kuniita msanii. Je, hii ni sanaa, au watu wanafanyiwa mzaha?
Mama wa Kisauni

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Kwa maelezo yako, huyo ni Enkhbold Togmidshiirev, aliyezaliwa mwaka 1978 katika mkoa wa Övörkhangai, na hafanyi mzaha. Sehemu kubwa ya nyika ya Mongolia haina miti, na wakati wa baridi joto huweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa hiyo kinyesi cha mifugo kilichokaushwa ndicho kuni na makaa ya mfugaji, nacho huokotwa na kurundikwa kando ya makao kama sisi tunavyoweka gunia la makaa nyuma ya mlango wa jiko. Samadi, kwake, ni moto wa nyumbani. Wewe huchukua miyaa ya mkindu kwa sababu ndiyo iliyokuzunguka. Naye vivyo hivyo amechukua kilichopo mlangoni pake. (Harufu, nakiri, simu haiwezi kuileta.)

Kwangu mimi, hata hivyo, kibanda kina uzito kuliko turubai. Kinaitwa ger: fito za mbao zilizofungwa kwa duara, zikavikwa manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa mpaka yakawa kama blanketi nzito, mlango ukielekezwa kusini na juu pakiachwa tundu la moshi. Mfugaji hulibomoa na kulihamisha kufuata malisho, zamani kwa ngamia mwenye nundu mbili, siku hizi mara nyingi kwa lori. Lakini barafu inapofunika nyasi, janga wanaloliita dzud, mifugo hufa kwa wingi, kama mamilioni waliokufa katika baridi ya 2009 hadi 2010, na familia nyingi zilizofilisika huishia kusimamisha ger zao kwenye vilima vya pembezoni mwa Ulaanbaatar, mji mkuu. Msanii anapoketi ndani ya ger aliyoishona mwenyewe, katika mji wa ugenini, swali la mahali nyumbani palipo haliulizwi kwa maneno. Mwaka 2015, Mongolia ilipopata banda lake la kwanza katika maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, Italia, yeye na Unen Enkh, anayetumia manyoya yaliyoshindiliwa na nywele za farasi, ndio waliopelekwa.

Na mikeka yako, mama, ni sanaa. Kwamba hujaambiwa ni kosa letu.

SWALI: Ni kweli kwamba Wamongolia husema wametokana na mbwa mwitu?
Msomaji wa Likoni

JIBU: Kitabu chao cha karne ya 13, Historia ya Siri ya Wamongolia, huanza nasaba ya Chinggis Khan (Genghis Khan), mwasisi wa dola ya Wamongolia, kwa mbwa mwitu wa rangi ya samawati na kijivu na mwenziwe, paa jike. (Si yule mbwa mwitu mwenye mabaka wa Tsavo, Kiswahili chetu kimewapa jina moja wanyama wawili.) Ndiyo maana wachoraji wao wa leo humrudia mnyama huyu mara kwa mara. Hata hivyo, babu huyo ndiye pia mwizi wa kondoo, na wafugaji wengi huepuka kumtaja kwa jina lake, wakimwita mbwa wa mbinguni, kama wazee wetu wasivyopenda nyoka atajwe usiku.