Namba ya mwongozo na namba ya seva

Kaka, umeuliza kwa nini mwongozo wenu unasema vm.swappiness (namba inayoiambia Linux ihamishe data kutoka RAM kwenda diski kwa wepesi kiasi gani) ni 10 huku seva ikionyesha 30. Seva yako ni mashine pepe (virtual machine), si kompyuta halisi, kwa hiyo TuneD, programu ya kurekebisha mipangilio ya Linux, imechagua profaili (seti ya mipangilio) ya virtual-guest. Hiyo inarithi profaili mama, throughput-performance, yenye 10, kisha inaibadilisha kuwa 30. Aliyeandika mwongozo alisoma profaili mama, akaishia hapo.

Mimi namba siandiki kwa kukumbuka. Nabandika majibu ya amri `tuned-adm active` (inayoonyesha profaili inayotumika) na `sysctl vm.swappiness` (inayoonyesha namba yenyewe), pamoja na toleo na tarehe.

Kagua na njia za mafaili pia. Matoleo mapya ya TuneD yanaweka profaili ulizotengeneza mwenyewe kwenye /etc/tuned/profiles, miongozo ya zamani bado inataja /etc/tuned. Hapa Kariakoo tofauti hiyo ilitupotezea mchana mzima, na umeme wenyewe ulikuwa wa jenereta.