"Convene": kuitisha au kukutana?

Ndugu muulizaji, umeuliza maana na asili ya kitenzi cha Kiingereza "convene", na kwa nini mwalimu amekata sentensi yako "The chairman convened".

Chimbuko lake ni Kilatini, "convenire": "con-" ni pamoja, "venire" ni kuja. Kilipitia Kifaransa, kikaingia Kiingereza karne ya 15. "Convention" na hata "convenient" ni wa ukoo huohuo.

Shika hiyo maana ya kuja pamoja, itakuongoza. Kikibeba yambwa, yaani kitu kinachotendwa, ni kuitisha: "The chairman convened the meeting", mwenyekiti aliitisha mkutano. Kisipobeba, ni kukutana, na kiima, yaani mtenda, lazima kiwe kundi au kikao chenyewe: "The committee convened at 10 a.m.", kamati ilikutana saa 4 asubuhi. Mwenyekiti mmoja hawezi kuja pamoja peke yake, ndipo ulipokwama. Ongeza "the meeting" tu, itakaa sawa.

Kwa bunge, bodi, baraza au jopo kinafaa sana. Marafiki wakikutana kunywa chai, andika "meet" au "get together". "Convene" hapo kitasikika kizito mno.