Trekta Dogo Kwenye Mbuga: Jaza Maji Kabla ya Kununua Tairi

Januari mwaka juzi trekta langu lilikaa siku nzima katikati ya jaruba la mpunga la jirani, huku Igunga, Tabora. Ni dogo, nguvu za farasi 24, mtumba wa Japani, linasukuma kwa magurudumu ya nyuma tu. Kila nikikanyaga mafuta, matairi yalizunguka palepale mpaka trekta likalala kwa tumbo. Jioni mzee mmoja akaja na maksai wanne. Alilitazama kwanza, akasema, "Mwanangu, ng'ombe wangu wanasimama kwa kwato. Hili lako linasimama kwa tumbo." Kisha akalivuta.

Mbuga yetu, huu udongo mweusi wa mfinyanzi, mnaijua. Kiangazi inapasuka nyufa za kuingiza mguu, masika inakuwa mlenda. Nilidhani tatizo ni injini ndogo, nikaanza kuulizia bei ya trekta kubwa. Nashukuru sikuwa na hela.

Kitu kilichonifungua macho ni kipimo cha bure kabisa. Paka alama ya rangi ubavuni mwa tairi la nyuma. Endesha shambani plau ikiwa juu, tairi lizunguke mara kumi, upime umbali kwa kamba. Rudia plau ikiwa ardhini. Mimi mara ya kwanza nilipata mita 31, mara ya pili mita 22. Mita tisa zimepotea, karibu asilimia 29: yaani karibu theluthi ya dizeli yangu ilikuwa inakoroga tope. Trekta linalolima kwenye udongo huteleza kidogo siku zote, na asilimia 10 hadi 15 haina shida. Ukizidi hapo, unachimba shimo la kujizika.

Nilianza na upepo. Fundi wa barabarani alikuwa amenijazia PSI 30, kama vile ni gari la abiria. Tairi gumu namna hiyo hugusa ardhi kwa kipande kidogo tu. Nilishusha hadi 14, likatanuka, meno mengi zaidi yakashika. Usishuke ovyo, maana upepo ukipungua mno tairi huzunguka juu ya rimu na kung'oa valvu ya mpira wa ndani. Na ukienda kuvuta tela la magunia kwenye barabara ya changarawe, rudisha upepo kwanza.

Halafu maji. Hapa ndipo watu wananicheka, mpaka waone. Inua gurudumu kwa jeki, lizungushe mpaka valvu iwe juu kabisa, toa sindano ya ndani ya valvu, chomeka mpira wa maji unaoshuka kutoka kwenye pipa lililowekwa juu ya kichanja. Maji hayaingii kama upepo hautoki, kwa hiyo kila baada ya muda unachomoa mpira, tairi linapumua "fyuuu" na kukurushia maji usoni, unachomeka tena. Yakifika usawa wa valvu, acha. Hapo ni kama robo tatu ya tairi. Ile robo ya juu ni ya upepo, usiijaze, la sivyo tairi linakuwa jiwe. Matairi yangu yalikunywa madumu manne na kidogo kila moja, karibu lita 85. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo nilipata kilo 170 juu ya magurudumu yanayosukuma, bila kununua chuma chochote. Nilipopima tena nilipata mita 26 na nusu kwa mizunguko kumi.

Binamu yangu anayeishi Canada anatumia trekta kama hili kusukuma theluji uani kwake. Naye anajaza tairi, ila huko maji matupu yangeganda, kwa hiyo wanachanganya chumvi ya kalsiamu. Anafunga na minyororo kwenye matairi, nami nikaiga. Kwenye barafu inang'ata. Kwenye mbuga, baada ya mizunguko miwili kila tairi lilikuwa donge moja la udongo, laini kama chungu kabla ya kuchomwa. Nikaifungua nikiwa nimepiga magoti kwenye tope, nikimlaumu binamu.

Jaruba likishatuama maji, maji ndani ya tairi hayatoshi. Hapo ni magurudumu ya chuma yenye mapezi, na mafundi wa kuchomelea wanayaweza. Usipite nayo kwenye lami.

Pedali ya kufunga difu, ile inayofanya magurudumu yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja, ikanyage kabla tairi moja halijaanza kuteleza, ukiwa unaenda mstari ulionyooka, na uiachie kabla ya kukata kona.

Vijana watakuomba wakae juu ya madigadi ili waongeze uzito. Kataa, hata akiwa mtoto wa dada yako. Ukikwama, usifunge gogo kwenye magurudumu ya nyuma: gogo likigoma chini, trekta linajiinua pua na kukuangukia mgongoni. Mnyororo wa kuvutia mzigo nao ufungwe chini, kwenye ndoano ya kukokotea, kamwe usiwe juu ya ekseli.

Yule mzee wa maksai bado namlimia ekari yake moja kila msimu. Anakuja na kamba yake mwenyewe kupima ile mizunguko kumi.