Simu inatosha kupimia msitu wa kijiji, ila usiende kichwakichwa

Mkuu, umeuliza kama ununue GPS ya mkononi au simu yako ya Android itatosha, maana unatoka Tabora kwenda Uvinza kuisaidia kamati ya maliasili ya kijiji kupima mpaka wa msitu wao, na umeambiwa mtandao huko hakuna. Nimefanya kazi hiyo misimu minne, upande wa ziwani na upande wa misitu ya Masito. Jibu fupi: simu inatosha. Hela ya GPS nunua pawa benki mbili na viatu vya maana.

Mtandao usikutishe. Satelaiti ndizo zinazotuma mawimbi, simu yako inapokea tu, haihitaji bando wala mnara. Hata ukiiweka kwenye hali ya ndegeni inaendelea kusoma mahali ulipo, na chaji inadumu zaidi. Kinachohitaji intaneti ni ile picha ya ramani ya nyuma, na hiyo unaipakua ukiwa bado mjini. Mimi natumia programu mbili za simu, QField kwa mipaka na KoboCollect kwa fomu. Zote ni za bure na zinafanya kazi bila mtandao. Ukirudi kwenye mnara ndipo unatuma. Jambo moja tu: washa GPS asubuhi ukiwa kijijini, mahali peupe, na mtandao ukiwepo ni bora, si lazima ila unaisaidia simu kupata satelaiti haraka. Simu iliyozimwa siku nzima halafu ikawashwa bondeni inaweza kukuweka dakika kadhaa ikitafuta satelaiti, na wazee wameshaanza kuulizana huyu mtaalamu amekuja kupima au kupiga picha.

Sasa nikupe kilichotuumiza sisi. Longitudo ya nyuzi 30 inapita katikati ya Mkoa wa Kigoma. Kigoma mjini, Gombe na Ilagala ziko magharibi yake, Uvinza na Kasulu ziko mashariki. Ukitumia koodineti za mita, zile za UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda za nyuzi 6 na namba zinajirudia kila kanda, upande wa magharibi ni kanda ya 35 Kusini na mashariki ni kanda ya 36 Kusini. Ninyi Tabora hamlijui hili tatizo kwa sababu mkoa wenu wote uko kanda ya 36. Sisi tulikuwa timu mbili, moja ilianzia Ilagala, nyingine Uvinza, kila moja simu zake na mipangilio yake. Mradi uliotuajiri ukachukua majedwali yote mawili, ukayaunganisha kama kanda ya 36. Ramani ikachapishwa kubwa, ya rangi, ikabandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji. Mzee mmoja wa kamati akaitazama, akaweka kidole kwenye alama zetu za Ilagala, akauliza, "Mwanangu, huku si ndiko kwa Warangi?" Kweli, nusu ya msitu wetu ilikuwa imehamia nyuzi 6 kamili mashariki, jirani na Kondoa. Zaidi ya kilomita 600! Takwimu zenyewe zilikuwa sahihi kabisa, kilichokosewa ni namba moja ya kanda.

Tangu siku hiyo nakusanya kwa digrii za desimali tu, na UTM naigeuzia ofisini. Desimali tano zinatosha, hiyo ni kama mita moja ardhini. Ila nazo zina mtego wake: sisi tuko kusini mwa ikweta, latitudo lazima iwe na alama ya kutoa. Ukiiandika kwa mkono ukaisahau, Kigoma inakwenda kuangukia Sudan Kusini, karibu na Maridi. Nimeona kwa macho yangu.

Kama kijiji kina ramani ya zamani ya karatasi, zile za skeli ya 1:50,000, soma pembeni imechorwa kwa mfumo gani wa koodineti. Nyingi ni Arc 1960, wakati simu inasoma WGS84. Tofauti yake huku kwetu ni kama mita 300. Mita 300 kwenye mpaka wa vijiji viwili vinavyogombea mbuga ya kulishia ni ugomvi kamili.

Usahihi: mahali peupe simu nzuri inakupa mita 3 hadi 5. Chini ya miyombo iliyojaa majani inaruka mpaka 10 na zaidi, kwa hiyo simama, subiri namba ishuke, ndipo uhifadhi. Kiangazi majani yakipukutika kazi inakuwa rahisi. Kila kona chukua alama moja moja ukiwa umesimama. Ukiacha simu ichore mstari huku unatembea, utapata mstari wa mlevi.

Fomu usiijaze maswali. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa na maswali 41, na kufikia saa sita walinzi wa msitu walikuwa wanabonyeza jibu la kwanza kila mahali, wala siwalaumu. Sasa yapo tisa: tanuri la mkaa, kisiki, mtego wa waya, kiota cha sokwe, mengine madogo madogo. Swali ninalolipenda ni la mwisho, "Hapa wenyewe mnapaitaje?" Hakuna ramani ya satelaiti inayojua jina la kijito, na kwenye kikao cha mpaka watu hubishana kwa majina, hawabishani kwa desimali.

Picha za ushahidi, tuseme gogo la mninga lililopasuliwa usiku, usizitume WhatsApp kama picha za kawaida. Zinabanwa na taarifa za mahali zinafutika. Tuma kama faili, au ziache ndani ya fomu. Na alama za viota vya sokwe usizirushe kwenye magrupu, majangili nao wana simu.

GPS ya mkononi mimi ninayo moja kuukuu ya betri za kawaida. Naibeba tukilala porini zaidi ya siku tatu, basi.

Weka fomu yako hapa kabla hujapanda treni, tuipitie. Na nguo za bluu na nyeusi ziache huko huko Tabora, mbung'o wa Masito wanazipenda kuliko unavyozipenda wewe.