Ukiachishwa kazi ya njia, shauri lako limeshaanza

Aprili 2013 nilikuwa mkaguzi wa njia ya reli katika kampuni binafsi iliyokuwa na kandarasi ya ukarabati kwenye Reli ya Kati, sehemu ya kati ya Kilosa na Gulwe. Wanaoifahamu sehemu hiyo wanajua kwamba reli inafuatana na Mto Mkondoa, na kwamba mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliisomba njia na kusimamisha treni. Masika ya 2013 maji yalikula tuta karibu na kalvati moja (mfereji wa kupitisha maji chini ya reli) katika kipande changu, na usiku mmoja behewa la kokoto likaacha njia. Hakuna aliyeumia. Siku nne baadaye niliitwa kwenye kikao cha nidhamu, nikatuhumiwa kwamba nilitia saini daftari la ukaguzi bila kuitembea njia, na kabla ya wiki kwisha nikakabidhiwa barua ya kuachishwa kazi.

Shauri hilo lilinichukua mwaka mmoja na miezi saba. Tangu wakati huo wenzangu kadhaa wa magenge ya njia wamenijia kuniuliza nilifanyaje, na karibu wote huniuliza kuhusu siku ya kusimama mbele ya mwamuzi, kana kwamba hapo ndipo mambo huamuliwa. Kwa upande wangu mambo yaliamuliwa katika saa chache za kabla ya kikao cha nidhamu, nikiwa bado mfanyakazi, kwa karatasi moja ambayo mwakilishi wa chama cha wafanyakazi katika tawi letu alinilazimisha kuiandika.

Barua ya tuhuma nilipewa Jumanne saa kumi jioni, ikinitaka nifike kikaoni Jumatano saa mbili asubuhi. Nilitaka kwenda hivyo hivyo, kwa sababu niliamini kwamba mtu asiye na kosa haombi muda. Mwakilishi wetu, mzee aliyekuwa amefanya kazi ya reli kwa miaka mingi kuliko umri wangu, alinikalisha chini akanionyesha Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, ambazo zinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi muda wa kutosha kujiandaa, usiopungua saa 48, na zinampa mfanyakazi haki ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Kisha akaniambia niandike barua yenye maombi mawili tu: kikao kisogezwe, na daftari halisi la ukaguzi liletwe kikaoni. Nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa, ikaandikwa tarehe na saa.

Maombi yote mawili yalikataliwa kwa mdomo. Kikao kilifanyika Jumatano ile ile, na mwenyekiti wake alikuwa mhandisi aliyeandika taarifa ya tuhuma dhidi yangu, ingawa kanuni zinataka kiongozi asiyehusika na tukio lenyewe. Nilipotakiwa kutia saini muhtasari wa kikao, niliandika pembeni ya saini yangu kwamba niliomba daftari na sikuonyeshwa. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu nimekutana na watu waliokataa kutia saini kwa hasira, wakaondoka bila nakala, na baadaye wakashindwa kuonyesha hata kwamba walikana kosa. Kutia saini pamoja na maelezo yako hakukufungi. Kinachokufunga ni kutokuwa na kumbukumbu yoyote ya ulichosema.

Barua ya kuachishwa kazi ikishafika, hesabu siku. Shauri la kupinga kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA, ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa au tarehe mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Mimi niliwasilisha fomu siku ya 26, na bado najilaumu kwa kuikaribia mno ile siku ya mwisho. Mwenzangu mmoja, ambaye kwa maoni yangu alikuwa na shauri zuri kuliko langu, alikaa zaidi ya miezi miwili akisubiri ahadi ya meneja kwamba atarudishwa kimya kimya. Alipokwenda Tume akatakiwa kwanza aombe kuongezewa muda na kueleza sababu ya kuchelewa, na ahadi ya mdomo haikuhesabiwa kuwa sababu. Hakuna aliyewahi kusikiliza kama alifanya kosa au hakufanya. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Katika kujaza Fomu Na. 1 ya CMA, angalia sehemu ya pili inayohusu mashauri ya kuachishwa kazi peke yake; usiiruke. Mpe mwajiri nakala na uweke ushahidi kwamba ameipokea. Andika pia kwa usahihi unachokiomba, kurudishwa kazini au fidia, kwa sababu ni vigumu kuomba baadaye kitu ambacho hukukiandika.

Usuluhishi ulikuwa mfupi. Mwajiri alitaka kunipa mshahara wa miezi miwili, chama kikanishauri nikatae, nikakubali ushauri. Hata hivyo nisingependa mtu adharau hatua hiyo, kwani yanayosemwa mbele ya msuluhishi ni ya siri na hayatumiki dhidi yako baadaye, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kupima mwajiri ana ushahidi gani hasa. Usikose kuhudhuria, kwa kuwa mlalamikaji asipofika msuluhishi anaweza kuliondoa shauri.

Usuluhishi uliposhindikana shauri likaenda hatua ya uamuzi, na hapo ndipo nilipoielewa maana ya kifungu cha 39 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba sababu ya kukuachisha ni ya haki na kwamba utaratibu ulifuatwa. Shahidi wao alileta kivuli cha ukurasa mmoja wa daftari, wenye saini yangu ya siku ya ajali. Mwakilishi wa chama akatoa barua yangu yenye muhuri, ikapokelewa kama kielelezo, kisha akauliza kwa nini daftari lililoombwa tangu siku ya kwanza halijaletwa zima. Mwamuzi akaagiza liletwe. Lilipofika, ukurasa uliotangulia ulikuwa na maandishi yangu ya siku mbili kabla ya behewa kuanguka: kalvati imeziba, maji yanakula tuta, gari zipunguze mwendo. Chini yake palikuwa na saini ya msimamizi kwamba ameona.

Sikuwa nimesahau kwamba niliandika maneno hayo. Nilikuwa nimeyasema kikaoni, na hayakuingizwa kwenye muhtasari. Bila ile barua ya Jumanne, ningekuwa mtu aliyefukuzwa anayedai kwamba mahali fulani kuna daftari la kumtetea.

Tuzo, yaani hukumu ya mwamuzi, ilitoka Novemba 2014. Mwamuzi aliona kwamba sababu haikuthibitishwa na utaratibu ulikiukwa, akaamuru nilipwe fidia ya mishahara ya miezi 12, ambayo kwa mshahara wangu wa shilingi 480,000 ilikuwa shilingi 5,760,000. Mwajiri alikuwa na wiki sita za kuomba tuzo ipitiwe upya katika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, lakini akachagua kulipa kwa awamu tatu.

Kuna mambo mawili yaliyobadilika tangu wakati wangu. La kwanza ni zito kwa watu wa reli walioajiriwa na shirika la umma: tangu marekebisho ya 2016, kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma kinamtaka mtumishi wa umma amalize kwanza njia za rufaa zilizomo katika sheria hiyo kabla ya kutumia sheria za kazi, na ukianzia CMA unaweza kushinda leo na tuzo ikafutwa baada ya miaka kwa sababu tu kwamba Tume haikuwa na mamlaka ya kulisikiliza shauri lako. La pili, sheria za kazi zilirekebishwa tena mwaka 2025, kwa hiyo soma toleo jipya au muulize katibu wa chama kabla ya kuandika kiasi cha fidia unachodai.

Siku ya kupokea awamu ya mwisho ya malipo niliomba pia cheti cha utumishi, ambacho mwajiri anawajibika kukitoa. Kilieleza kazi niliyofanya na tarehe za kuanza na kumaliza, bila neno lolote kuhusu kalvati. Miezi minne baadaye nilikitoa mfukoni Morogoro, kwa mkandarasi mwingine aliyekuwa akitafuta wakaguzi wa njia.