Mchango wa matibabu ya kijana si mchango wa harusi

Msomaji wa Tanga ameandika: ukoo ulichanga laki nane kumpeleka kijana wa miaka 16 sober house, kituo wanakoishi wanaoacha ulevi na dawa za kulevya; mwezi wa tatu hela zikakata, kijana akarudishwa nyumbani. Anauliza walikosea wapi. Walipanga kama harusi, kana kwamba siku ikipita shughuli imeisha.

Apimwe kwanza, ndipo mchange. Kijana anayesikia sauti baada ya kuvuta bangi anahitaji kitengo cha afya ya akili hospitalini, si nyumba isiyo na daktari. Anayekunywa pombe kali kila siku asiachishwe ghafla nyumbani. Arosto ya pombe, yaani mateso ya mwili ukiikosa, huweza kuleta degedege na inaweza kuua. Wa heroini, ulizeni kuhusu methadoni, dawa ya hospitali inayoshika nafasi ya heroini. Hutolewa bure katika kliniki za serikali tangu Muhimbili ilipoanza mwaka 2011, na hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa hiyo hapo mnachangia nauli.

Kama ni kituo, nendeni mkakione. Watoto wanalala na watu wazima? Kuna kupigwa au kufungwa minyororo? Dawa anatoa nani? Wakisita kujibu, ondokeni, hata bei ikiwa nafuu kiasi gani.

Kisha ombeni ankara, mpige hesabu nzima. Tuseme ada ni 250,000 kwa mwezi: miezi sita ni 1,500,000. Daktari na vipimo 200,000. Nauli ya mzazi kumtembelea, 20,000 kila wiki kwa wiki 24, ni 480,000. Miezi mitatu baada ya kutoka, 400,000. Jumla 2,580,000, na laki nane za Tanga hazifiki hata theluthi. Asiingie kabla hamjashika taslimu ya miezi mitatu, maana ahadi hazilipi ada.

Fedha zisipite kwenye simu ya mama wala ya kijana. Lipeni kituo mwezi kwa mwezi, mweka hazina apige picha stakabadhi na kuituma kwenye group. Picha ya mtoto, jina lake na shule yake visitumwe kamwe! Picha ikishasambaa haifutiki, naye atarudi darasani akiitwa teja. "Kijana wetu wa miaka 16" inatosha. Anayetaka kumwona ndipo atoe, mwacheni abaki na hela yake.

Hatari kubwa iko baada ya kutoka. Mwili wa mtumiaji wa heroini unakuwa umeshasahau kuihimili. Akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kusimama. Wiki hizo ndizo za kuhudhuria kliniki bila kukosa, kuonana na mshauri na kurudi shule, na zote zina nauli na ada. Ile 400,000 itengwe tangu siku ya kwanza, kwenye akaunti ya watia saini wawili. Hela ya ada ya kituo ikipelea, msiiguse hiyo 400,000. Wapigieni simu waliotoa ahadi, mmoja mmoja.